Barua ya wazi kwa wathibiti ubora, maafisa elimu maalumu na walimu wakuu: Msiwaondolee watoto wenye usonji picha zao

Ndugu Wathibiti Ubora wa Shule,
Ndugu Maafisa Elimu Maalumu wa Halmashauri,
Ndugu Walimu Wakuu wa shule zenye vitengo vya watoto wenye usonji,

Mimi ni mwalimu wa kitengo katika shule ya msingi ya serikali jijini Dar es Salaam. Haya nitakayoyaandika nimekwisha kuyasema kwenye vikao vya walimu na kwenye taarifa za muhula. Yalipokelewa, yakagongwa muhuri, yakawekwa kwenye faili. Leo nayaandika mahali ambapo wazazi nao watayasoma, maana watoto ni wao.

Neno langu ni moja. Alama za picha tunazozitumia darasani ni lugha ya watoto hawa, na ninyi ndio wenye mamlaka ya kuzilinda au kuzifuta. Katika shule ninazozijua zinafutwa, pengine bila hata mtu kukusudia. Naomba mnisikilize hoja kwa hoja.

1. Kinachobandikwa ukutani ni maneno ya mtoto

Katika ukaguzi mmoja niliagizwa kubandua picha zilizokuwa ukutani. Nilielezwa kwamba darasa limejaa vitu mno, na kwamba watoto wanazoeshwa michoro wakati wangefundishwa kuongea. Nilibandua, kwa sababu agizo la mkubwa hutekelezwa kwanza, malalamiko yakafuata. Mtoto mmoja ambaye tayari alikuwa anachukua kadi ya choo na kuniletea mkononi akarudia kujikojolea. Alikuwa anakwenda pale ukutani, anapapasa mahali kadi ilipokuwa, kisha ananigeukia. Mimi nilijua anauliza nini. Mwalimu aliyenishikia darasa nilipotoka hakujua, akamwandika kuwa ni mtoto asiyefundishika.

Watoto wa namna hii wako wengi. Watafiti wanakadiria kwamba kati ya robo na theluthi ya watoto wenye usonji hufika umri wa shule wakiwa na maneno machache sana, au hawana kabisa. Wapo na wengine wenye maneno tele, wanaoweza kukariri tangazo zima la redio, lakini wakishikwa na kiu hawalipati neno la kuomba maji.

Sauti ya mwalimu hupita. Nikisema "Fungeni madaftari, naweni mikono, pangeni mstari tukanywe uji," kuna mtoto ambaye sentensi imekwisha kabla hajaushika mwanzo wake. Picha ya daftari, ya bomba na ya kikombe zikikaa mezani, zinabaki palepale; atazitazama mara kumi akitaka. Eric Schopler na wenzake walijenga ufundishaji mzima juu ya jambo hili huko North Carolina, Marekani, ambako programu yao ya TEACCH ilipitishwa na jimbo mwaka 1972: ratiba ya siku ionekane kwa macho, mahali pa kila shughuli paonekane, mwanzo na mwisho wa kazi navyo vionekane. Katika kitengo chetu siku nzima iko ukutani: paredi, kusoma, uji, mchezo, usafi, nyumbani. Shughuli ikiisha, mtoto anaibandua picha yake mwenyewe na kuitia kwenye boksi la "tumemaliza". Mvua ikinyesha na mchezo ukafutwa, tunabadilisha picha mbele ya macho yake kabla hajafika mlangoni. Vilio vilivyokuwa vinasikika shule nzima kila mvua inaponyesha vilipungua kwa njia hiyo tu.

Kengele yetu, kama ya shule nyingi, ni rimu ya gari inayogongwa kwa chuma. Yako masikio ambayo mlio ule unayaumiza kwelikweli. Tuna kadi ya rimu hiyo. Ikiwekwa mwisho wa safu, mtoto anajua inakuja, anaziba masikio mapema, anakaa. Mgeni akiingia darasani anaona kipande cha boksi chenye mchoro wa duara. Naomba aulize kwanza ni cha nini.

2. Picha hazimzuii mtoto kusema

Hofu ya kwamba picha zitamzuia mtoto kusema naiheshimu, kwa sababu wazazi nao wanayo. Mama anamleta mtoto wa miaka 6 ambaye hajawahi kumwita "mama", nami namwonyesha kadi. Anahisi kwamba nimeikatia tamaa sauti ya mwanawe.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walizipitia tafiti zilizokwisha kuchapishwa kuhusu watu wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa kuwasiliana kwa ishara za mikono, picha na njia nyingine za aina hiyo. Katika kesi 27 zenye ushahidi imara zaidi, hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulirudi nyuma. Asilimia 89 waliongeza usemi. Waliosalia walibaki pale walipokuwa. Ongezeko lenyewe mara nyingi lilikuwa dogo, na mimi simwahidi mzazi yeyote kwamba kadi zitaleta maneno. Namwahidi kwamba hazitamnyang'anya mtoto neno lolote alilonalo. Na kila anaponikabidhi kadi ya maji, mimi natamka "maji" kwa sauti, ili alisikie neno wakati uleule anapolihitaji. Hapo kuna kufundisha kuongea.

Mwanafunzi asiyeona hanyimwi nukta nundu. Mwanafunzi kiziwi hakatazwi lugha ya alama katika kitengo chake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unapoeleza katika kifungu cha 2 maana ya mawasiliano, unazitaja nukta nundu na njia mbadala za mawasiliano katika orodha moja. Kifungu cha 24 kinaitaka nchi iwezeshe njia hizo kufundishwa. Kadi zangu zilizokatwa kwenye maboksi ya biskuti zimo ndani ya mkataba huo, na aliyeagiza zibanduliwe alipaswa kulijua hilo kabla ya kuingia darasani kwangu.

3. Picha ziwe za mtoto, zisiwe amri za mwalimu zilizochorwa

Hapa nasema na walimu wenzangu pia. Nimeingia madarasa yenye picha nyingi, zimepangwa vizuri, na zote ni za mwalimu: kaa, nyamaza, subiri, mikono mezani. Mtoto hana hata moja ya kwake. Darasa kama hilo hupata sifa ya kuwa na zana za kutosha. Kwangu mimi hapo hakuna mawasiliano.

Andy Bondy na Lori Frost, walioanzisha mbinu ya kubadilishana picha iitwayo PECS huko Delaware, Marekani, mwaka 1985, walianzia upande wa mtoto. Mwalimu anakaa mbele yake ameshika kitu anachokipenda, tuseme kipande cha muhogo wa kukaanga. Mtu wa pili anakaa nyuma ya mtoto, na bila kusema neno anausaidia mkono wake kuokota kadi na kuiweka kiganjani mwa mwalimu. Papo hapo anapewa muhogo. Haambiwi aseme kwanza, wala amtazame mwalimu usoni kwanza. Anajifunza kwamba ukimwendea mtu na ujumbe, unajibiwa. Baadaye mwalimu anasogea mbali ili afuatwe. Kisha kadi zinakuwa mbili na mtoto achague. Kisha zinaungwa kwenye kipande kirefu cha karatasi ngumu, "nataka" na "muhogo", ikawa sentensi. Hatua ziko sita, na katika ya mwisho mtoto anaeleza alichokiona au alichokisikia bila kuomba chochote. Mtoto wangu mmoja amefika huko. Alinipa kadi mbili, "nasikia" na "ndege", akanyoosha kidole juu. Kweli ilikuwa inapita.

Angalieni sasa kwamba hatua ya kwanza inadai watu wazima wawili kwa mtoto mmoja. Kitengo chenye mwalimu mmoja na chumba kilichojaa watoto hakiwezi kuifanya, hata kama mwalimu huyo amehitimu chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi kwa ufaulu wa juu kabisa. Mkija kukagua, hesabuni watu wazima kabla ya kuhesabu zana.

Na kadi ninayoitetea kuliko zote ni ya "sitaki". Niliulizwa na kiongozi mmoja kwa nini namfundisha mtoto kukataa, kana kwamba navunja adabu. Mtoto asiye na kadi ya "sitaki" anabaki na meno na kucha. Akiwa nayo, nitajua uji ni wa moto mno, shati linamkwaruza shingoni, mwenzake amemkaribia kuliko anavyoweza kuvumilia. Pamoja nayo ziwepo "basi", "nisaidie" na "kelele", na zikae mahali mkono wake unapofika, siku zote, pamoja na siku aliyokosea. Kumfungia mtoto kadi zake kabatini kama adhabu ni kumziba mdomo, na wapo wanaofanya hivyo.

4. Maumivu na hatari

Hoja hii ndiyo iliyonifanya nishindwe kunyamaza.

Mtoto asiyesema akiumwa sikio anajigonga kichwa ukutani. Nimeshuhudia mtoto akichapwa kwa sababu ya kujigonga, na siku chache baadaye usaha ukatoka sikioni. Jino bovu, tumbo la kuhara, mwiba uliobaki kwenye unyayo, vyote hivi shuleni vinasomeka kuwa ni utukutu, kwa kuwa hakuna aliyempa mtoto namna ya kuonyesha panapouma. Chati moja ya mwili, mbele na nyuma, na kadi moja ya "panauma", ingetosha kumwambia muuguzi wa zahanati pa kuanzia.

Chati hiyo iwe na mwili mzima, bila kuruka sehemu yoyote. Najua tunaona haya. Nimewahi kukataliwa kubandika chati kamili kwa madai kwamba haifai mbele ya watoto. Lakini mtu mwenye nia mbaya humtafuta mtoto ambaye hawezi kusimulia, na sehemu tunazozifuta kwenye mchoro kwa haya zetu ndizo anazozigusa. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa njia nyingine inayoeleweka, kama maandishi au ishara. Mahakama iko tayari kumsikiliza mtoto huyu. Sisi shuleni ndio hatujamfundisha namna ya kusema lililompata, na hafundishwi siku anayoletwa polisi analia. Anafundishwa miaka kabla, kwa kadi za kila siku, mpaka kugusa picha na kueleza kuwe ni mazoea yake.

5. Picha zifanane na maisha yake

Kadi nyingi tunazopakua zimetoka mbali. Choo ni cha kukalia, chakula ni mkate uliokatwa pembetatu, gari la shule ni la manjano. Mtoto wa Mbagala anayekwenda choo cha kuchuchumaa chenye ndoo na kopo haoni uhusiano wowote kati ya mchoro ule na pale anapopelekwa. Anahitaji ugali na dagaa, kanga ya bibi, daladala, bajaji, mlango wa bati wa choo chetu.

Tena si kila mtoto anauelewa mchoro. Wapo wanaoanza na kitu chenyewe: ukimpa kikombe mkononi anajua ni wakati wa uji. Kisha picha ya kikombe kilekile iliyopigwa kwa simu, kisha mchoro wa rangi, kisha mchoro wa mistari myeusi, na chini yake neno limeandikwa kwa herufi ndogo na wazi ili siku moja neno libaki peke yake. Mthibiti anayemkuta mtoto wa miaka 10 ameshika kijiko kama kadi yake asiandike kwamba mwalimu hana zana. Aulize mtoto huyo alikuwa wapi mwaka jana.

Michoro ya bure ipo. Serikali ya jimbo la Aragón, Hispania, ina mkusanyiko mkubwa uitwao ARASAAC, uliochorwa na Sergio Palao, na inaruhusu utumike bila malipo mradi usiuzwe na chanzo kitajwe. Tunaushukuru na tunautumia. Hata hivyo nchi yenye wachoraji wa Tingatinga na wachoraji wa katuni wanaojulikana Afrika Mashariki yote haikosi mkono wa kuchora alama mia mbili za maisha ya mtoto wa Kitanzania.

6. Gharama

Kwa sasa gharama ya kadi ni ya mwalimu. Tunatoa kopi steshenari kwa pesa zetu, tunabandika kwenye boksi, tunafunika kwa seloteipu. Kadi ya seloteipu inaliwa na mate na jasho, ikachanika, ikachorwa upya. Ruzuku ya uendeshaji inanunua chaki na karatasi. Wino wa picha, tunaambiwa, hauna kifungu kwenye bajeti.

7. Picha zimfuate mtoto

Mtoto mmoja alihamia kwetu kutoka shule nyingine akiwa na faili lenye cheti cha kuzaliwa, barua ya uhamisho na kadi ya kliniki. Kitabu chake cha picha kilibaki huko, kwenye kabati la ofisi, kwa sababu kilihesabiwa kuwa mali ya shule. Tulianza naye moja. Mama yake alituambia alikuwa na kadi nyingi na sentensi za kadi tatu. Kadi hizo ni mali ya mtoto, na nasema hivyo bila kuomba radhi.

Kwa watoto wa bweni hali ni mbaya zaidi. Mchana wana picha. Saa kumi jioni wanakabidhiwa kwa mlezi ambaye hajawahi kuonyeshwa hata kadi moja, na hadi asubuhi hawana neno. Likizo ikifika, ni hivyo hivyo kwa wengi wanaorudi nyumbani.

Ninachoomba

Kwenu wathibiti ubora: katika taarifa ya kila kitengo cha usonji ongezeni maswali yafuatayo. Kila mtoto asiyesema ana njia yake ya kuwasiliana, na iko mkononi mwake sasa hivi? Ana alama ya kukataa, ya kuomba msaada na ya kuonyesha maumivu? Watu wazima wangapi darasani wanajua kuitumia? Na agizo la kuondoa picha yoyote ya mawasiliano litolewe kwa maandishi, likiwa na jina la aliyelitoa na sababu yake, baada ya kuzungumza na mwalimu na mzazi.

Kwenu maafisa elimu maalumu: mnapopanga mafunzo kazini, msiwaite walimu wa kitengo peke yao. Waiteni walezi wa mabweni, wapishi, walinzi wa geti, na angalau mwalimu mmoja wa darasa la kawaida kutoka kila shule yenye kitengo, kwa sababu mtoto anapita kwa hao wote kabla ya kufika kwangu. Fomu ya uhamisho iwe na sehemu ya kuthibitisha kwamba kitabu cha picha kimekabidhiwa kwa mzazi. Pelekeni rasmi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania ombi la seti ya msingi ya alama kwa Kiswahili, yenye mambo ya kwetu, iliyotolewa kwa mistari myeusi ili itoke vizuri kwenye mashine ya kopi ya kijijini. Na kwa Baraza la Mitihani, ambalo tayari linawaandalia watahiniwa wengine maandishi makubwa na nukta nundu, pelekeni ombi kwamba mwanafunzi anayejibu kwa kugusa alama ahesabiwe kuwa amejibu.

Kwenu walimu wakuu: wekeni kifungu cha kadi kwenye bajeti ya shule, hata kiwe kidogo. Fedha za fulana na keki za tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, zikielekezwa mwaka mmoja tu kununua mashine ya lamineshani, kitengo kitaitumia miaka. Na kwenye geti, jikoni, chooni na ofisini kwenu bandikeni alama zilezile zilizoko darasani, kwa urefu wa macho ya mtoto. Siku mtoto wa kitengo atakapokuletea kadi ofisini, ipokee, litamke neno lake kwa sauti, mpe alichoomba au mwonyeshe kadi ya "subiri".

Shule zinafunguliwa Januari. Orodha ya alama tunazozihitaji kwanza ninayo, nimeipanga na wazazi wa kitengo changu, na nitamkabidhi yeyote kati yenu atakayeihitaji. Nitashukuru kupata majibu yenu kwa maandishi kabla ya shule kufunguliwa, ili niwasomee wazazi kwenye kikao cha kufungua muhula.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa kitengo cha watoto wenye usonji,
Dar es Salaam